Kabla ya kuanzisha kikundi cha kujifunza WordPress Lubumbashi

Vijana wanaotaka kujua kutengeneza tovuti ni wengi hapa Lubumbashi, na hamu wanayo. Hata hivyo, vikundi vyao hufa mapema, na sababu ninayoiona mara nyingi ni kwamba kikao cha kwanza kinaliwa na kupakua. Watu kumi wanafungua simu, kila mmoja anamaliza mega zake kwa kupakua kitu kilekile, umeme unakatika, saa za kurudi nyumbani zinafika. Wiki inayofuata wanakuja wanne. Kwa hiyo maandalizi mengi ninayoyaeleza hapa yana shabaha moja: kila mtu atoke kwenye kikao cha kwanza akiwa ameiona tovuti yake, yenye jina lake, ndani ya mashini (kompyuta) yake, hata kama siku hiyo intaneti haikupatikana kabisa.

Hilo linawezekana kwa sababu ya WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, yenyewe ilivyo. Ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, wakiendeleza programu ya b2 iliyokuwa imeandikwa na Michel Valdrighi wa Ufaransa. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaitumia. Leseni yake ni GPL, maana yake mnaruhusiwa kuinakili, kugawiana na hata kuibadilisha bila kumwomba mtu. Waelezeni wanakikundi jambo hili mapema, maana wapo watakaodhani kupeana programu kwa kle (fleshi ya USB) ni wizi. Waelezeni pia kwamba WordPress.com ni huduma ya kampuni inayowawekea watu tovuti kwenye seva zake, na kwamba programu mnayojifunza inatoka WordPress.org. Anayejifungulia akaunti kwenye ile ya kwanza huku wenzake wanafuata ya pili ataona skrini tofauti na atadhani yeye ndiye mzito wa kuelewa.

Kle ya kikundi ndiyo kazi kubwa ya maandalizi. Mtu mmoja mwenye wifi nzuri apakue kila kitu siku kadhaa kabla. Mnahitaji XAMPP, ambayo inaifanya mashini ya kawaida iwe kama seva kwa kuleta kwa pamoja Apache (inayotoa kurasa kwa kivinjari), PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa) na MariaDB (database, yaani ghala la data za tovuti). Wanafunzi wengi wa infomatiki tayari wana Wamp, nayo inafanya kazi ileile, lakini chagueni moja kwa wote. Kwenye XAMPP tovuti inawekwa katika folda ya htdocs, kwenye Wamp inawekwa katika www, na tofauti ndogo kama hiyo inatosha kumchanganya anayeanza.

WordPress yenyewe ichukueni kutoka fr.wordpress.org. Ile ya Kiingereza inahitaji intaneti ili kuleta lugha nyingine, lakini ya Kifaransa ina faili za lugha ndani yake, hivyo inafunguka kwa Kifaransa hata bila mtandao. Ongezeni themu (sura za tovuti) mbili au tatu na plagini (programu ndogo za kuongezea kazi) chache, kila moja katika faili yake ya zip, kwa sababu ukurasa wa kutafuta plagini ndani ya WordPress haufanyi kazi mashini ikiwa haina intaneti. Wekeni na 7-Zip, Notepad++ na kivinjari kipya, kwa ajili ya mashini ambazo hazijasasishwa muda mrefu. Halafu pimeni virusi kwenye kle hiyo, na ashike mtu mmoja tu ile ya asili. Kle inayozunguka kwenye sekretaria (maduka ya kuchapa na kutoa kopi) za mitaani inarudi na folda zilizogeuka njia za mkato, na ikishaingia kikundini inaambukiza mashini zote kwa mchana mmoja.

Baada ya hapo, jaribu kila kitu mwenyewe kwenye mashini mbovu kuliko zote utakayoipata. Mashini nzuri haitakufundisha kitu. Nyingi zinazoletwa vikaoni ni za okazio (zilizokwisha kutumika), na XAMPP ya sasa inataka Windows ya biti 64, kwa hiyo waombe watu wakuambie mapema wana ipi. Apache ikikataa kuwaka, mara nyingi ni kwa sababu programu nyingine imeshakalia poti (mlango wa mawasiliano ndani ya mashini) namba 80. Ibadilishe iwe 8080 katika faili ya httpd.conf, kisha andika localhost:8080 kwenye kivinjari. Kwenye kusakinisha, jina la mtumiaji wa database ni root na sehemu ya neno la siri inaachwa tupu. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba sehemu ya neno la siri inaweza kuachwa tupu.

Angalia na kibodi. Mashini iliyotoka Ulaya ya Kifaransa ni AZERTY, iliyopitia Dubai mara nyingi ni QWERTY, na katika chumba kimoja mtakuwa nazo zote mbili. Kwenye AZERTY ya Ufaransa mkwaju (/) unahitaji kubonyeza Shift, na mabano ya mraba [ ] yanapatikana kwa AltGr pamoja na 5 na kitufe cha mabano ya kufunga. Mwezeshaji anayesema tu “andika mkwaju” bila kuonyesha kidole kinaenda wapi anawaacha nusu ya watu nyuma. Andika alama kama hizo, kumi hivi, kwenye karatasi moja, toa kopi, mpe kila mtu. Ni gharama ndogo, nami naihesabu kuwa muhimu kuliko projekta.

Kuhusu umeme, msidanganyike kwamba grupu (jenereta) peke yake inatosha. Delestaji (mgao wa umeme) inapokuja, mashini yenye betri iliyokufa inazimika palepale, na MariaDB ikikatwa katikati ya kuandika inaweza kugoma kuwaka tena. XAMPP itaonyesha kwa maandishi mekundu kwamba MySQL (ndivyo XAMPP inavyoiita MariaDB) imezimika ghafla. Mgeni akiona hivyo hudhani kazi yake yote imepotea, kumbe kwa kawaida inarudi. Kila kitu kikiwa kimezimwa, fungua folda ya mysql ndani ya xampp, badili jina la folda ya data liwe data_zamani, kisha nakili folda ya backup na kuiita hiyo nakala data. Halafu chukua kutoka data_zamani folda yenye jina la database yako pamoja na faili ya ibdata1, uziweke ndani ya data mpya. Washa MySQL. Fanyeni zoezi hili makusudi kabla halijawakuta, tena liwe somo la kikao cha pili. Mkazoee pia kunakili htdocs na data kwenye kle kila mnapomaliza.

Neno la siri la tovuti liandikwe daftarini. WordPress iliyo ndani ya mashini yako haina njia ya kutuma barua pepe, kwa hiyo aliyelisahau akibonyeza kiungo cha kulirudisha atangoja barua isiyokuja.

Mahali si lazima pawe pa kifahari. Chumba cha parokia, darasa la shule siku isiyo ya masomo, au ofisi ya mtu mwenye moyo vinatosha, mradi kuwe na meza, ralonji (nyaya za kurefusha umeme) zinazofika pande zote na choo. Mjulisheni mkubwa wa mtaa kwamba vijana watakuwa wanakutana na mashini zao, ni heshima na inaepusha maswali. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hupenda kunyesha mchana, na chini ya mabati hakuna atakayemsikia mwezeshaji, kwa hiyo asubuhi ni bora. Ikiwa mtaa wenu una salongo (kazi ya pamoja ya usafi) Jumamosi asubuhi, pangeni baada yake. Na kikao kiishe mapema kiasi kwamba msichana anayekaa mitaa ya Ruashi au Katuba afike kwao jua halijazama. Kikundi kinachomaliza saa moja usiku kimeshachagua wanaume peke yao, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Mafuta ya grupu na kopi vinataka fedha. Kubalianeni mchango mdogo wa faranga kila kikao, mwekeni mtunza fedha, na asome hesabu mbele ya wote. Likelemba (vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu) zimewafundisha mama zetu hivyo tangu zamani. Asiyekuwa na mchango asirudishwe mlangoni, wala asiyekuwa na mashini: wawili wawili kwenye mashini moja hujifunza vizuri, mradi wabadilishane kibodi kila mara.

Lugha ya kufundishia iwe Kiswahili, kile tunachoongea hapa, hata kama skrini ni ya Kifaransa. Maneno kama themu, plagini na database yaacheni yalivyo, ila yaelezeni kwa Kiswahili siku ya kwanza. Wenye moyo zaidi wanaweza baadaye kusaidia kutafsiri WordPress kwa Kiswahili, kazi inayofanywa na watu wa kujitolea.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine: msijifunze kwa tovuti za kubuni. Kabla ya kikao cha kwanza tafuteni watu wawili au watatu wanaohitaji tovuti kweli, labda fundi wa mapambo ya shaba, shule ya msingi, kwaya. Mama mwenye mgahawa atawaletea picha na bei za kweli, atauliza kwa nini picha inachelewa kufunguka kwenye simu yake, na swali hilo moja litawafundisha kupunguza ukubwa wa picha kuliko somo la siku nzima. Siku ya kupeleka tovuti hewani, jina la domeni (anwani ya tovuti), liwe la .cd ya Kongo au jingine, liandikishwe kwa jina na barua pepe ya mwenye kazi, si ya kijana aliyeitengeneza. Na msikubali plagini za kulipia zinazogawiwa bure zikiwa zimevunjwa, hata zikiletwa na rafiki. Nyingi zina mlango wa siri ndani, na atakayeumia ni yule mama.

Jina la kikundi nalo lifikiriwe. Alama ya WordPress iko chini ya WordPress Foundation, ambayo hairuhusu neno hilo zima kuwekwa ndani ya jina la domeni, lakini herufi WP mnaweza kuzitumia. Mkitaka baadaye kutambuliwa kama kikundi rasmi cha jamii ya WordPress, masharti ni kwamba kikundi kiwe wazi kwa wote bila ubaguzi, kiendeshwe na watu wa kujitolea, kisiwe duka la kampuni ya mtu, na mwanachama yeyote anayeaminika aweze kuandaa kikao. Anzeni na hilo la mwisho tangu sasa: kabla ya kutangaza tarehe ya kwanza, awe tayari ameshapatikana mtu wa pili anayejua kusakinisha kila kitu kutoka kwenye kle, na wa tatu anayejifunza kwake.