Joto la bahari na mahindi yaliyo shambani: ya kufanya kabla ya Oktoba

Mkulima wa Njoro au Rongai, huku Nakuru, aliyepanda mbegu ya mahindi ya H614 mwishoni mwa Machi huvuna Oktoba au Novemba, wakati uleule mvua fupi zinapoingia. Hapo ndipo jasho la mwaka mzima huharibika, tena si shambani bali stoo, ndani ya magunia yaliyofungwa kabla punje hazijakauka. Ndiyo maana naomba tuzungumzie bahari, ingawa Mombasa iko mbali nasi.

Mvua zetu hufuata ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ukanda huo huliandama jua: hupanda kaskazini Machi hadi Mei, hurudi kusini Oktoba hadi Desemba. Lakini kupita kwake hakutoshi. Pepo zisipobeba maji, mawingu hupita tu, na maji hayo hutegemea sana joto la uso wa bahari. Mwaka wa kawaida, maji yenye joto zaidi katika Bahari ya Hindi hukaa upande wa Indonesia, hewa hupanda huko na mvua nyingi humwagika huko. Upande wetu ukipata joto kupita kawaida huku ule wa Sumatra, huko Indonesia, ukipoa, upepo hugeuka na kusukuma unyevu bara, hadi huku kwetu. Wataalamu huiita hali hiyo dipoli chanya. El Niño ni jambo jingine, ni joto la Bahari ya Pasifiki. Mara nyingi huandamana na dipoli, lakini si lazima.

Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu kila mwaka wakulima huniuliza swali moja tu: je, El Niño inakuja? Mwaka 1997 zilikuja zote mbili na mafuriko yakafuata. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu, dipoli ikawa hafifu, na mafuriko yaliyohofiwa hayakufikia yale ya 1997. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya maana, lakini dipoli ilikuwa kali mno. Mvua ilinyesha bila huruma, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepita kiwango cha juu cha 1964. Kwa hiyo ulizeni pia: Bahari ya Hindi upande wetu iko vipi?

Jibu huanza kuonekana kati ya Juni na Agosti, na dipoli hufikia kilele Septemba hadi Novemba. Utabiri wa mvua fupi wa Idara ya Hali ya Hewa ukitoka, tafuta ule wa kaunti yako, usitosheke na kichwa cha habari redioni. Kisumu, kwa mfano, ziwa lenyewe huzaa ngurumo za alasiri hata bahari ikiwa imetulia.

Bahari ikiwa na joto, nunua turubai Agosti, kabla kila mtu hajaitaka. Usingoje bua likauke kabisa. Ng'oa punje na utazame kitako chake. Ukiona doa jeusi, hindi limekomaa, livune na ulikaushie nyumbani kwenye kichanja chenye paa kinachopitisha upepo. Usianike kwenye udongo mtupu, kwani unyevu ndio mlango wa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Kisha pima: jaza punje theluthi ya chupa kavu ya kioo, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Hata isipoganda, endelea kuanika hadi 13.5 ndipo ufunge gunia. Wenye viazi Molo, fungueni mitaro na mpige dawa ya blaiti, ugonjwa wa ukungu unaoozesha viazi, kabla majani hayajaonyesha madoa. Walio Nyando na nyanda za Kano, pandisheni mbegu na mifugo mahali pa juu mapema. Maji ya mto huko hutoka milimani, yanaweza kufika hata kama kwako hakujanyesha.

Kukiwa na La Niña, yaani Pasifiki ikipoa badala ya kupata joto, kama ilivyokuwa 2020 hadi 2022, mvua fupi huelekea kupungua. Mahindi yatakauka kwa urahisi, lakini usibahatishe zao la pili linalochukua muda mrefu. Panda maharagwe ya miezi miwili na nusu hivi, na uhifadhi mabua kwa ng'ombe.

Jambo moja nawasihi: msiihamishe imani hii hadi mvua ndefu. Uhusiano wa bahari na mvua za Machi hadi Mei ni dhaifu zaidi, na utabiri wake hukosea mara nyingi zaidi. Msimu huo, chimba kwa jembe kabla ya kupanda. Ukikuta udongo mkavu chini ya kina cha kiganja, mvua hiyo ya kwanza haijatosha. Subiri nyingine kabla hujafungua mfuko wa mbegu.