Kiwanda kikongwe kinaposemwa kuwa kitafungwa au kuhamishwa: namna ya kujipanga mapema

Habari ya kiwanda kufungwa huanzia barazani kabla ya kufika ofisini. Mmoja husikia kwa dereva wa gari ya mizigo, mwengine kwa mlinzi, na siku ya tatu mtaa mzima unataja tarehe ambayo wenye kiwanda wenyewe hawajaipanga. Mwongozo huu nimewaandikia majirani na wafanyakazi wa kiwanda cha aina hiyo, Unguja na Pemba, wanaotaka kufanya jambo la maana katika wiki za mwanzo, wakati bado hakuna mtambo uliong'olewa.

Anzeni kwa kuuliza, tena kwa maandishi. Nendeni kwa sheha mkiwa watu watatu au wanne, mfanyakazi mmoja angalau akiwemo, na muombe barua ya kuwafikisha kwa Mkuu wa Wilaya na kwa uongozi wa kiwanda. Ulizeni kwanza kinachokusudiwa hasa, kwa sababu kusitisha kazi kwa muda, kuhamisha mitambo na kufunga moja kwa moja ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina watu wake wa kulijibu. Kisha ulizeni nani mwenye jengo na nani mwenye mitambo. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwekezaji huwa na haki ya kuitumia tu, kwa hiyo suala la kiwanja kitafanywa nini baadaye ni la wananchi wote. Jengo likiwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao tangu 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, halivunjwi wala halibadilishwi bila ya idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kama kiwanda kinahamia pengine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 inahusika na eneo jipya, na wakaazi wa huko nao wasikilizwe, kwani moshi na maji machafu mnayoondokewa nayo nyinyi yanaweza kuwa yao.

Kwa wafanyakazi sina mengi ya kuongeza. Kila mmoja akusanye mkataba wake, hati za mshahara na taarifa ya michango yake ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), na ayafanye hayo akiwa bado kazini. Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 ndiyo ya kusomwa, na chama cha wafanyakazi kiitwe kabla ya barua za kuachishwa kazi kutoka.

Jambo ninalowaombeni sana ni karatasi. Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu palikuwa na kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya nazi, na mwenyewe alipokifunga hakuna aliyeuliza habari za madaftari. Miezi michache baadaye nilinunua njugu kwa mchuuzi mmoja, nikaikunjua karatasi na kuona safu za mizani ya nazi, majina ya wakulima wa Makunduchi na saini za wapokeaji. Ile karatasi ninayo hadi leo, na ndiyo pekee iliyobaki. Kwa hiyo ombeni ruhusa ya maandishi ya kupiga picha madaftari ya ununuzi, ramani za mitambo, vitabu vya mahudhurio na hata vibandiko vya chupa. Pigeni mchana, karibu na dirisha, ukurasa mmoja mmoja, bila ya kuruka kurasa zinazoonekana hazina kitu.

Baada ya karatasi, rikodini kazi yenyewe. Tuchukue kwa mfano kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinachotoa mafuta ya makonyo, yaani vile vijiti vya karafuu; sisemi kuwa kinafungwa, bali nakitaja kwa kuwa wengi wanakijua. Kwa maneno machache, mvuke hupitishwa kwenye makonyo makavu, ukachukua mafuta, ukapozwa hadi ukawa maji, na kwa kuwa mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, huzama chini na kukingwa huko. Maelezo hayo yapo vitabuni. Ambayo hayapo ni vipi mzee wa zamu hutambua kwa pua kwamba mzigo umeshatoa mafuta yake, vipi hushika makonyo mkononi na kusema hayajakauka, na neno gani huambiwa kijana aliyejaza tangi kwa kushindilia mno. Muulizeni akiwa amesimama penye mtambo, si sebuleni kwake, kwa sababu mkono hukumbuka yale ambayo mdomo umeyasahau. Muacheni amalize sentensi zake. Kisha waendeeni na walio nje ya geti: mama aliyekaa jamvini usiku na wanawe akichambua karafuu ili makonyo yapatikane, mchumaji aliyelipwa kwa pishi, na mpishi wa chai ya wafanyakazi.

Kwamba ujuzi wa namna hii unaweza kushikiliwa, limeonekana London. Kiwanda cha bia cha Young's kilikuwa Wandsworth, mahali ambapo kumbukumbu za utengenezaji wa bia zinarudi nyuma hadi 1581. Kilifungwa 2006 na kazi ikahamia Bedford, lakini mfanyakazi mmoja aliendelea kutengeneza kiasi kidogo pale pale, kwa vyombo vidogo, ili mfululizo usikatike. Bidhaa yenyewe dini yetu imeikataza. Ninachokitaja ni uangalifu wa yule mtu kwa kazi ya mahali pake.

Liangalieni pia jina la bidhaa. Bia ya Newcastle Brown Ale ilipata ulinzi wa Umoja wa Ulaya 2000, uliolifunga jina lake na mji wa Newcastle. Kiwanda kilipofungwa 2005 na kazi kuvuka mto Tyne kwenda Gateshead, wenyewe ilibidi waombe ulinzi ule ufutwe, na 2010 ikapelekwa mbali zaidi, Tadcaster. Sisi tunaouza karafuu na mafuta yake kwa jina la Zanzibar tuna haja ya kuuliza mapema: mtambo ukivuka bahari, jina litabaki la nani? Swali hilo lipelekeni kwa mwakilishi wenu, lisemwe katika Baraza la Wawakilishi, na jibu lake mlitake kwa maandishi.

Mkimaliza, toeni nakala tatu za kila kitu. Moja iende Nyaraka za Taifa, Kilimani. Ya pili, kwa walioko Pemba, iende kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya Chake Chake. Ya tatu ibaki skuli ya karibu na kiwanda, mahali ambapo watoto wa wafanyakazi watayaona majina ya wazee wao. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli, kwani wino hupenya, jina la mtu, kazi aliyokuwa akiifanya, na mahali aliposimama siku ile.