Kulaza bomba la umwagiliaji chini ya tuta la lambo

Ukiondoa maji kufurika juu ya tuta, malambo mengi ya udongo huharibikia kandokando ya bomba. Ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu kuliko nyingine zote.

1. Safisha eneo. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Utunze; utaupandia nyasi upande wa nje.

2. Chimba mtaro wa katikati chini ya mstari wa tuta hadi ufikie tabaka lisilopitisha maji. Ujaze udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa.

3. Laza bomba. Liwe la chuma au la poliethilini nene lenye maungio ya kuchomelea. Bomba jembamba la PVC lililoungwa kwa gundi lisiingie kabisa chini ya tuta. Lilalie ardhi ya asili, kwa sababu udongo wa kujaza hutitia na maungio huachia. Kuta za mtaro wake zilaze. Zikiwa wima, udongo hujishikiza kwenye kuta na huku chini hubaki tifutifu.

Pagumu ni chini ya tumbo la bomba, mahali roli ya kushindilia haifiki. Shindilia kwa mkono, tabaka za sentimita 10, pande zote mbili kwa pamoja. Ukishindilia upande mmoja, bomba husogea. Ukizidisha nguvu, hunyanyuka na kuacha uwazi chini yake.

Unyevu nao upimwe kwa kila tabaka. Viringisha udongo viganjani uwe uzi mwembamba kama penseli. Ukikatika mapema ni mkavu: nyunyiza maji, geuza, subiri yaenee. Ukiacha tope kiganjani, uanike kwanza. Kwaruza uso wa tabaka kabla ya kuweka jingine, maana uso laini ni njia ya maji.

Theluthi ya mwisho upande wa nje, zungushia bomba mchanga safi wa zege na uupe mahali pa kutolea maji. Mchanga hupitisha maji na kuzuia udongo. Kola za zege, yaani pete zinazozungushiwa bomba ili kuzuia maji kupita kandokando yake, sizipendekezi. Pembeni mwa kola hapashindiliki vizuri.

Valvu ikae upande wa maji, ili ikifungwa bomba lisibaki na shinikizo ndani ya tuta.

4. Inua tuta kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Kwa kila mita 1 ya kimo, toa mita 3 za mlazo upande wa maji na 2.5 upande wa nje. Juu pawe na upana wa mita 3. Ongeza asilimia 5 hadi 10 ya kimo kufidia kutitia.

5. Njia ya mafuriko ichimbwe pembeni kwenye ardhi ya asili, kamwe si juu ya tuta. Sakafu yake iwe chini ya kilele kwa mita 1.

6. Jaza polepole, ukikagua mdomo wa bomba kila siku. Matone maangavu kutoka kwenye mchanga si tatizo. Maji yenye tope yanabeba udongo wa tuta: waondoe watu walio chini ya lambo, mwite mhandisi, na punguza maji kwa pampu, kwa kiasi, kwa kuwa yakishuka ghafla mteremko wa ndani huporomoka.