Kabla Hujasema Kijana wa Shule Atafika Ligi Kuu

Michezo ya shule ikianza, Kakamega nzima, huku magharibi mwa Kenya, huwa na la kusema. Pale Muliro Gardens, kwenye steji za bodaboda, nje ya lango la uwanja wa Bukhungu, utasikia majina ya watoto wa kidato cha tatu yakitajwa kuliko ya wabunge. Nimekuwa mwalimu wa michezo katika shule za sekondari za huku kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mabishano haya nayapenda kwa moyo wote. Ila yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Baba mtu hukaa pembeni akisikiliza, kisha huenda nyumbani kuamua kama mwanawe abaki darasani au apande basi la usiku kwenda Nairobi kutafuta klabu. Kwa hivyo tubishane kwa uangalifu.

Mimi huanza na umri, hata kabla ya kuuliza amefunga mabao mangapi. Chukua msimu wa 2015. Gor Mahia walitwaa Ligi Kuu ya Kenya bila kushindwa mechi hata moja, na mshambuliaji wao Michael Olunga akafunga mabao 19. Mfungaji bora mwaka ule alikuwa Jesse Were wa Tusker, aliyefunga 22. Anayesoma jedwali pekee atakwambia Were ndiye wa kwenda mbali zaidi. Lakini Olunga alikuwa na miaka 21, na Were alikuwa amemtangulia kwa miaka kadhaa. Were akaenda Zesco ya Zambia, akafanya kazi ya kuheshimika. Olunga akaenda Djurgården ya Uswidi, akapita China, akafunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Uhispania akiwa Girona, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa Japan kwa mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol. Mabao 19 ya kijana anayekua yalikuwa na maana tofauti na 22 ya mtu aliyekwisha kukomaa.

Kwetu umri una shida nyingine, nayo sote tunaijua: wa kwenye karatasi na wa kwenye mifupa. FIFA wenyewe walilazimika kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya picha ya MRI kuanzia Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria. Wewe huna mashine, lakini una mdomo. Uliza alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka gani, na akina nani walikuwa naye darasani. Na hata umri ukiwa wa kweli, kuna mtoto anayeota ndevu mapema na kuna anayechelewa. Yule wa mapema hushinda kila mpira kwa bega, mashabiki wakapagawa. Jiulize: wenzake wakimfikia kwa kimo na uzito, atabaki na nini? Kama huna jibu, usimpeleke Ulaya kwa mdomo.

Sasa kumtazama. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanafuata mpira. Chukua daftari, chagua mchezaji mmoja, umfuate yeye tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, mpira ukiwa kwake au usiwe. Kabla pasi haijamfikia, je, anageuza shingo kuangalia nyuma yake? Andika alama kila anapofanya hivyo. Mguso wake wa kwanza unaupeleka mpira wapi: kwenye nafasi, au kwenye miguu ya adui? Viwanja vyetu vina mabonde na vichuguu, kwa hivyo usimhukumu kwa mpira mmoja uliomrukia gotini. Tazama jinsi anavyojirekebisha baada ya mruko wa kwanza. Akipokonywa mpira, anafanya nini papo hapo? Wapo wanaosimama na kumnyooshea refa mikono. Wapo wanaogeuka na kuukimbilia tena. Hao wa pili mimi huwapigia mstari. Na mguu wake dhaifu anautumia, au huzunguka mpira kama anayekwepa moto?

Mechi moja haitoshi, hata kama ni fainali. Mtazame siku timu yake inapocheza na wakubwa kuliko wao, maana kuwafunga shule ndogo mabao matano hakunifundishi lolote. Mtazame baada ya kufungwa. Na kwa hapa Kakamega, mtazame kwenye mvua ya alasiri, uwanja umegeuka tope na zimebaki dakika kumi na tano. Mwenye akili ya mpira hubadilisha mchezo: pasi ndefu kidogo, chenga chache, anasimama mahali pengine. Mwenye mazoea tu huendelea kuteleza mpaka kocha amtoe. Nimewaona vijana wenye chenga tamu kuliko asali wakipotea kabisa siku ya tope, na nimemwona kiungo mmoja mwembamba, asiye na mashabiki, akiiongoza timu nzima kwa kunyoosha kidole. Kama una mchezaji kama huyo, mtetee hadharani, kwa sababu mabao hayatamtetea.

Kuhusu nafasi nitasema kwa ufupi. Winga huonekana mapema. Kipa na beki wa kati huchelewa kuiva, kwa hivyo anayesema kipa wa miaka 17 amekwisha, mwombe atulie.

Ukifika kwenye utabiri, kataa neno "pro" likiwa peke yake. Taja ngazi. Kuna ligi za kaunti, kuna madaraja ya chini, kuna Ligi ya Taifa Supa, kuna Ligi Kuu, kisha kuna Tanzania, Zambia, Uswidi, na kuendelea. "Huyu atacheza Ligi Kuu kama beki wa kulia akifika miaka 21" ni hoja, tunaweza kuipima. "Huyu ni Wanyama mwingine" haipimiki. Tena wanaolitaja jina hilo husahau ngazi alizopanda: Victor Wanyama, kiungo Mkenya, alikaa misimu kadhaa Beerschot ya Ubelgiji kabla ya Celtic mwaka 2011, ndipo zikafuata Southampton 2013 na Tottenham 2016. Mfano wa karibu nasi zaidi ni Joseph Okumu, mzaliwa wa Kisumu. Alicheza Chemelil Sugar, akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Real Monarchs kule Marekani, akacheza Kombe la Afrika la 2019 nchini Misri, ndipo Elfsborg ya Uswidi ikamchukua. Baadaye Gent, na Reims mwaka 2023. Alikwenda hatua kwa hatua. Kwa hivyo mwenzako akitabiri, muulize: klabu inayofuata ni ipi, na pale atapata dakika za kucheza? Kijana wa Kakamega anayecheza kila wiki Homeboyz, klabu yetu ya hapa, namweka mbele ya anayekaa benchi kwenye timu kubwa ya Nairobi. Andika utabiri wa kila mmoja na tarehe yake, mrudi kuusoma pamoja.

Kuna adabu pia. Mzee akiongea, hata kama anamkumbuka mchezaji wa zamani mara mia, mwache amalize. Mara nyingi ndani ya hadithi yake kuna jambo ulilokuwa hulijui kuhusu familia au kocha aliyemlea kijana. Usimtaje mama wa mtoto wa watu. Na mchezaji mwenyewe akipita, punguza sauti. Neno "amekwisha" likimfikia kijana wa miaka 16 hulala nalo.

Pesa isiachwe nje ya mabishano. Wakala akifika kijijini akidai apewe nauli na ada ya majaribio ya nje, mwombeni leseni ya FIFA, na muulizeni kijana ana miaka mingapi. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Jambo la pili ni usajili. Mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa uhamisho wa shilingi milioni 100, hiyo ni milioni 5. Klabu ya mtaani iliyomnoa bila kumsajili haitakuwa na karatasi ya kudai hata senti. Kwa hivyo mkimsifu kijana, ulizeni pia jina lake limeandikwa wapi.

Halafu masomo, ambapo mimi sirudi nyuma hata hatua moja. Olunga alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza. Nasi Kakamega tuna Masinde Muliro, chuo chenye timu yake ya mpira, umbali wa kutembea tu kutoka mjini. Klabu ikimtaka mtoto wa kidato cha nne mwezi wa Oktoba, waambieni wasubiri afanye karatasi ya mwisho ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Dirisha la usajili la katikati ya msimu huja mwanzoni mwa mwaka, na klabu inayomtaka kweli itakuwa bado inamtaka.