Mbolea ya minyoo nyumbani: poza samadi kwanza

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia mama mdogo kule Uru, juu ya Moshi, ambaye minyoo wake walikuwa wakitoroka kila usiku. Chombo kilikuwa kizuri na minyoo wazima. Tatizo lilikuwa samadi. Hatua ya 3 isome mara mbili.

1. Chombo
Ndoo mbili za lita 20 zinatosha kuanzia: ya juu itoboe kitako kwa msumari uliopashwa moto, ya chini ikinge maji. Mimi nachagua sanduku la mbao kila mara, maana plastiki hutuamisha unyevu wakati wa masika. Ila mbao zilizopakwa oili chafu kuzuia mchwa usizitumie kabisa. Kina cha sentimita 30 kinatosha, kwa kuwa minyoo hawa hula karibu na juu. Weka kivulini.

2. Minyoo
Yule mnene wa kijivu unayemchimbua shambani mwache huko, anataka udongo. Tafuta wembamba wekundu kwenye samadi kuukuu au chini ya shina la mgomba lililooza. Inayofugwa zaidi duniani ni aina ya Eisenia fetida. Kilo moja ya minyoo hula kama nusu kilo ya mabaki kwa siku wakishazoea.

3. Matandiko
Kwa mama mdogo nilipofunua mfuniko nilikuta minyoo wamejibandika chini yake, na nilipopasua samadi katikati, mvuke ukatoka. Samadi ile ilikuwa imezolewa zizini wiki hiyo hiyo.

Lundo la samadi mbichi linaweza kupanda hadi nyuzi joto 60. Minyoo hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 25, na zikipita 35 wanakufa. Tena ng'ombe wa kufungiwa hukojolea malalo yake, na mkojo hutoa amonia inayowaunguza. Kwa hiyo tandaza samadi chini ya mgomba, igeuze kila baada ya siku chache, uipe wiki tatu. Kama lundo ni kubwa, ongeza muda. Usiamini ubaridi wa juu: ingiza mkono hadi katikati. Ukisikia joto, subiri. Harufu ikiwasha pua, subiri pia.

Muulize mwenye ng'ombe kama wamenyweshwa dawa ya minyoo karibuni. Baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu, kwa hiyo samadi ya wiki hizo ipeleke kwenye kahawa. Samadi ya kuku ni kali mno, siipendekezi kwa anayeanza.

Ikishapoa, changanya na maboksi yaliyochanwa na majani makavu ya migomba, nusu kwa nusu. Loanisha mpaka ukikamata konzi na kuiminya yatoke matone machache tu. Halafu usimwage minyoo wote. Weka kumi, funika, tazama asubuhi. Wakiwa wamezama ndani, waweke wengine. Wakiwa wamepanda ukutani, matandiko bado.

4. Kulisha
Maganda ya ndizi na parachichi, majani ya chai, mabaki ya mboga, magugu yasiyo na mbegu, maganda ya mayai yaliyopondwa. Katakata, fukia kona moja, mara nyingine kona nyingine. Nyama, mafuta, chakula chenye chumvi, ndimu, vitunguu na pilipili hapana. Maganda mabichi ya kahawa nayo huchemka, yapoze kama samadi.

5. Siafu
Wakiingia usiku mmoja wanamaliza kazi yote. Simamisha miguu ya sanduku ndani ya makopo ya maji yenye matone ya mafuta ya kupikia, na hakikisha hakuna tawi wala kamba inayogusa sanduku, maana watavukia hapo.

6. Kuvuna
Baada ya miezi mitatu au minne, mwaga kwenye turubai mahali penye mwanga. Minyoo hukimbilia chini, nawe unachota mbolea ya juu taratibu, tabaka kwa tabaka. Konzi moja kwa kila shimo la mnafu au sukuma inatosha. Maji ya ndoo ya chini yachanganye na maji safi mara kumi, mwagia shinani tu, kamwe si kwenye majani ya kuliwa.