Jinsi ya Kuwasikiliza Mashabiki Baada ya Filamu ya Okestra ya Zamani

Kwa miaka kadhaa sasa, mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukionyesha filamu za muziki katika ua wa nyumba moja kwenye komuni ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, siku ya Jumapili saa kumi jioni, watu wakiwa wametoka kanisani na wamekula. Wanaokuja ni wazee waliofanya kazi migodini na relini, mama zetu wa mtaa, na vijana wanaopita njiani wakasikia ngoma. Maelekezo haya yanahusu ile saa moja au mbili baada ya filamu kwisha, ambapo mashabiki wa okestra huanza kusema waliyoyaona, waliyoyakosa na yaliyowauma. Nayaandika kwa sababu maneno hayo hupotea upesi sana, na wenyewe wanazidi kutuaga mwaka hadi mwaka.

Chagua kwanza filamu inayofuata okestra moja tangu ilipoanza, mwaka baada ya mwaka. Filamu inayorukaruka humchosha msikilizaji wa zamani, ambaye kichwani mwake nyimbo zimepangwa kama miaka ya shule ya watoto wake. Mfano mzuri ambao tumeutumia zaidi ya mara moja ni The Sparks Brothers, filamu ya mwongozaji Mwingereza Edgar Wright iliyotoka mwaka 2021, inayohusu ndugu wawili wa Los Angeles, Ron na Russell Mael, na bendi yao ya Sparks. Ina urefu wa karibu saa mbili na dakika ishirini, nayo huzipitia albamu zao moja baada ya nyingine, tangu ile ya mwaka 1971 iliyotoka wakati bendi ingali inaitwa Halfnelson. Wanamuziki mashuhuri na mashabiki wa kawaida huketi humo mbele ya kamera ileile, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, bila mmoja kuwekwa juu ya mwenzake. Jambo hilo wazee wetu waliliona mara moja, na liliwapa moyo wa kusema.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunawaonyesha watu wa Kamalondo bendi ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia. Jibu nimelipata kwa kuwatazama. Mtu akiangalia filamu ya okestra yake mwenyewe hushika upande tangu dakika ya kwanza, akalinda jina la mwimbaji wake. Akiangalia ya wageni hulegea, na katikati ya filamu huanza kulinganisha bila kuombwa. Ndugu wawili waliobaki pamoja kwa zaidi ya miaka hamsini, huku wapigaji wengine wakija na kuondoka, ni habari ambayo shabiki wa Zaïko Langa Langa, okestra maarufu ya Kinshasa, hawezi kuitazama akanyamaza. Ukiwa na nafasi, basi, onyesha filamu ya wageni wiki ya kwanza, na wiki inayofuata filamu au picha za okestra ya nyumbani. Mazungumzo ya wiki ya pili yatakuwa na kina zaidi.

Kabla ya jioni yenyewe

Omba ruhusa ya mwenye filamu, hata kama unaonyesha uani na hutozi kiingilio. Hakikisha jenereta ina mafuta ya saa nne, kwa sababu umeme ukikatika filamu ikiwa katikati, watu hutawanyika na hawarudi na hisia zilezile. Filamu ikiwa ya Kiingereza, tafuta nakala yenye maandishi ya Kifaransa chini, kisha mteue mtu mmoja mwenye sauti ya utulivu ayasome kwa Kiswahili, akae katikati ya wasikilizaji na asisimame mbele. Mwambie asome machache na aache nyimbo zipite bila neno lake. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha kienyeji, na mikate viwepo tangu mwanzo, maana mzee mwenye njaa huondoka mapema.

Tumia simu mbili kurekodi sauti, na uziweke mbali na jenereta. Jioni yetu ya kwanza tuliweka moja tu, karibu na ukuta ambao mashine ilikuwa nyuma yake, na tulipoisikiliza kesho yake tulipata mngurumo wa saa nzima ambao ndani yake sauti ya mama mmoja ilisikika kwa maneno matano pekee. Alikuwa akieleza jinsi alivyojifunza kucheza akiwa msichana. Nilirudi kumwomba aeleze tena, akaeleza, lakini kwa ufupi, kama mtu anayetoa ripoti. Masimulizi ya kwanza hayapatikani mara mbili.

Dakika tano za mwanzo

Filamu inapokwisha, usiwashe taa haraka na usisimame kutoa hotuba. Acha wimbo wa mwisho uishe wote. Watu watakaa kimya kidogo, kisha mmoja ataanza kusema na jirani yake kwa sauti ya chini, na hapo ndipo simu zinapaswa kuwa tayari zinarekodi, baada ya kila mtu kuelezwa mwanzoni mwa jioni kwamba zitarekodi na kwa nini. Usiulize kama filamu imewapendeza. Ukiuliza hivyo utapewa makofi na shukrani, kwa kuwa watu wetu ni wa adabu na hawamvunji moyo aliyewakaribisha.

Katika dakika hizo, tazama mikono kuliko midomo. Jioni moja, mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mwisho hakusema lolote, ila vidole vyake vilikuwa vikigonga ubao wa benchi mfululizo, mpigo mwepesi unaokimbia bila kupumzika. Kijana aliyekuwa kando yake alimuuliza ni ngoma gani hiyo. Mzee akajibu kwamba ni cavacha, ule mdundo ambao mpiga ngoma Meridjo Belobi wa Zaïko aliuvumisha katika miaka ya 1970, kisha akaeleza kwa dakika ishirini jinsi yeye na rafiki zake walivyokuwa wakiupiga kwenye vikombe vya bati wakati wa mapumziko kazini. Hakuna swali langu lolote ambalo lingemtoa hayo. Kilichomtoa ni kijana aliyeona vidole.

Maswali yanayofungua

Swali linalozaa zaidi, kwa jinsi nilivyoona, ni hili: nani hakuonyeshwa? Kila filamu ya okestra iliyodumu hulazimika kumfuata aliyebaki, kwa sababu ndiye anayepatikana kwa mahojiano na ndiye mwenye picha. Waliotoka hupewa dakika moja. Mashabiki, kinyume chake, mara nyingi huwakumbuka zaidi waliotoka, kwa kuwa kuondoka kwao kuliwalazimisha kuchagua. Zaïko ilianzishwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Ilipofika mwaka 1974, waimbaji wake Papa Wemba, Evoloko na Mavuela waliondoka kuunda okestra ya Isifi Lokole. Mwaka 1977 Papa Wemba akaanzisha okestra yake, Viva la Musica. Na mwaka 1988 Zaïko ikagawanyika tena, huku mwimbaji N'Yoka Longo akiendelea kuishika ile ya asili. Kila mgawanyiko wa namna hiyo uliingia majumbani: kaka akabaki huku, mdogo wake akaenda kule, na santuri za nyumba moja zikawekwa katika marundo mawili. Baada ya filamu ya Sparks, baba mmoja aliniambia maneno ambayo nimeyaandika kama alivyoyasema: "Filimu iko muzuri, lakini bale benye balitokaka beko wapi?" Yaani, wale waliotoka wako wapi? Maneno hayo yalitufungulia jioni nzima.

Ukisikia lalamiko la namna hiyo, lipokee na uliulizie zaidi. Muulize aliyeondoka alikuwa anapiga nini, wimbo gani ulibadilika alipoondoka, na yeye mwenyewe alijuaje kwamba ameondoka: aliambiwa na nani, akiwa wapi? Wapo wanaofikiri kwamba lalamiko la shabiki ni wivu au uzee. Mimi nimeamini kwamba shabiki anayelalamika kwamba kitu kimeachwa ndiye anayekipenda kuliko wote, na mara nyingi ndiye pekee anayekijua.

Swali la pili ni la mabadiliko ya muziki. Mwaka 1979 Sparks waliacha magitaa yaliyowapa jina nchini Uingereza mwaka 1974, wakafanya kazi na mtayarishaji Giorgio Moroder kwa ala za umeme za kielektroniki. Sehemu hiyo ya filamu huwagawa watazamaji wetu kila mara. Simamisha hapo katika mazungumzo, uwaulize ni lini okestra yao wenyewe ilibadilika ikawaacha, au wao wakaiacha. Usijaribu kuwapatanisha. Mzee anayesema muziki ulikufa siku kinanda kilipoingia na dada anayesema ndipo ulipoanza wote wawili wana ushahidi wao, na daftari lako lina nafasi ya kuwatosha.

Swali la tatu ni la gharama, na hili waulize mama zetu kwanza, kwa sababu wanaume husimulia wanamuziki na mama husimulia usiku wenyewe. Filamu inaeleza kwamba mwaka 2008 Sparks walipiga London albamu zao zote 21, kwa usiku 21, kila usiku albamu moja nzima. Wanaume walihesabu nyimbo. Mama mmoja aliuliza nauli ya usiku ishirini na mmoja ilitoka wapi, na nani alibaki na watoto. Kutoka hapo tulipata habari za vitambaa vilivyoshonwa kwa sare, za mlango wa nyuma wa baa, na za dada aliyekuwa akiwabeba wadogo zake hadi ukutani mwa ukumbi ili wasikilize wote pamoja kutoka nje, kwa kuwa pesa ya kiingilio haikuwapo. Shabiki aliyesikiliza kutoka nje ya ukuta ni shabiki kamili, na filamu hazimwoni.

Mazungumzo yakitekwa na mtu mmoja, usimkatize kwa ukali. Mshukuru, mwite kwa heshima yake, "Papa, asante, tutarudi kwako," kisha umgeukie aliye kimya na kumpa kitu cha kushika: ganda la santuri, kaseti, picha. Mikono ikiwa na kitu, maneno huja.

Kupanga miaka

Kumbukumbu za mashabiki hazifuati tarehe za kampuni za santuri, na hilo lisikutie shaka juu ya ukweli wao. Mzee akisema kwamba wimbo fulani ulitoka mwaka mmoja baada ya ule ulioandikwa kwenye ganda, huenda anakumbuka siku ulipofika nyumbani kwake. Andika zote mbili, mwaka wa ganda na mwaka wa mzee, wala usifute hata mmoja. Umbali kati ya miaka hiyo miwili ni habari yenyewe, maana unaonyesha jinsi muziki wa Kinshasa ulivyosafiri hadi huku kwetu Katanga.

Asiyekumbuka mwaka kabisa, msaidie kwa matukio ambayo kila mtu anayajua. Je, ilikuwa kabla au baada ya nchi kuitwa Zaïre, Oktoba 1971? Kabla ya pambano la ndondi la Ali na Foreman, Oktoba 1974? Mwanamuziki Franco alikuwa bado hai, au alikuwa ameshafariki, yaani baada ya tarehe 12 Oktoba 1989? Kwa matukio matatu au manne ya namna hii, mtu aliyesema "zamani sana" hukupa mwaka, na mara nyingi mwezi.

Kuandika ulichosikia

Andika maneno ya mtu kwa Kiswahili chake. Kiswahili cha Lubumbashi kina umbo lake, kina Kifaransa chake ndani, na shabiki wa rumba atatia mistari ya Lingala anayoijua kwa moyo hata kama haizungumzi lugha hiyo sokoni. Ukiyanyoosha yote yawe Kiswahili sanifu utabaki na maana na kuipoteza sauti. Maelezo yako wewe yaandike kwa usanifu unaotaka. Maneno yake yaache. Hapa mjini tuna mfano wa kuutazama: mradi wa Mémoires de Lubumbashi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza kukusanya simulizi za wakazi wa kawaida na kuzitendea kama historia.

Baada ya kuandika, mrudie mwenye maneno umsomee. Chagua wakati asio na wageni. Wengine watakuomba uondoe jina lao, nawe uliondoe bila kuuliza sababu. Wengine watarekebisha neno moja tu. Yule mzee wa benchi alisikiliza kurasa zake mbili akiwa amefumba macho, kisha akasema vikombe havikuwa vya bati vyote, kimoja kilikuwa cha udongo na ndicho kilichotoa sauti ya chini. Nimeandika hivyo.

Rekodi za kila jioni ziwekwe mahali pawili tofauti, na karatasi zake ziingie katika bahasha moja yenye tarehe, jina la filamu, na orodha ya waliokubali kutajwa. Acha ndani yake karatasi moja tupu, kwa sababu Jumapili inayofuata kuna mtu atakayefika kabla ya saa kumi akiwa na picha mfukoni, akitaka kukuonyesha yule ambaye filamu haikumtaja.