Mambo ya kuzingatia kabla funza hawajamla kuku wako akiwa hai

Masika inakuja, na wewe mwenye kuku wako watano sita nyuma ya nyumba usisubiri uone kidonda ndo uanze kukimbilia duka la dawa za mifugo usiku, utakuta limefungwa. Weka kwenye ndoo moja mapema: chumvi, mkasi, kibanio cha nyusi, glovu, bomba kubwa la sindano (sindano yenyewe toa), iodini ya vidonda na kipande cha chandarua.

Banda likauke. Pumba zilizolowa toa.

Kuku anayehara mtibu kuhara mapema, maana manyoya ya nyuma yakishalowa kinyesi ndo wale nzi wa kijani wanaong'aa wanapopapenda, wanataga hapo na kwa joto letu mayai yanaanguliwa yanatoka funza ndani ya siku moja au chini ya hapo. Mtetea aliyechubuliwa mgongo na jogoo, aliyedonolewa na wenzie, aliyetokwa kizazi, na yule mgonjwa anayeshinda amekaa, hao waangalie kila siku. Na kuangalia sio kusimama mlangoni ukawahesabu. Mshike, mgeuze, funua manyoya chini ya mkia, mulika na tochi ya simu. Mayai ya nzi ni meupe yenye unjano, yameshikana vichungu vichungu kama chenga za mchele. Ukiyakuta bado mayai una bahati, kata hayo manyoya, osha, kausha.

Sasa hili nisikilizeni vizuri. Kuna mama jirani yetu, kuku wake wa mayai alijikunyata pembeni, mabawa yameshuka, hali chakula, anahara, na kila anayepita anasema hicho kideri (ule ugonjwa wa Newcastle), akanyweshwa mwarobaini, kesho yake alovera, na muda wote huo hakuna aliyemshika. Mi nilipofika nikasikia harufu ya nyama iliyooza, inatoka kwa kuku anayepumua. Tukainua mkia. Nje katundu kadogo tu, ila ngozi ya pembeni inacheza, ukibonyeza unawaona funza wanasogea chini kwa chini mpaka karibu na paja. Kabla hatujapanga tufanyeje kijana mmoja kashaleta mafuta ya taa kamimina. Wa juu wakafa kweli wakadondoka, watu wakafurahi, huku kuku anatupa miguu kwa maumivu na ngozi imebabuka. Asubuhi tukamkuta amekufa, na tulipompasua wa ndani walikuwa bado wanatembea. Kwa hiyo mafuta ya taa hapana, dizeli hapana, oili chafu hapana, dawa ya kupulizia mbu hapana, hata akikwambia nani.

Fanya hivi. Mtenge kwanza, wenzie wakiona damu watamdonoa. Chemsha maji, kila lita weka kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, acha yapoe yabaki uvuguvugu. Kata manyoya yote kuzunguka kidonda mpaka uione ngozi nzima, usimwonee huruma ya urembo. Piga maji kwa bomba ndani ya kila tundu, funza wakitokeza wabane mmoja mmoja, piga tena, rudia mpaka asitoke hata mmoja. Kausha vizuri, paka iodini iliyozimuliwa ikawa kahawia nyepesi, mlaze ndani ya chandarua juu ya kitambaa safi, sio pumba, maji na chakula viwe karibu na mdomo wake. Jioni mfungue umwangalie tena, na kesho asubuhi, na siku kadhaa mbele, kwa sababu lazima kuna mayai yaliyokupita.

Tundu likiwa refu mwite daktari wa mifugo, usimchome mwenyewe ivamektini (dawa ya kuua wadudu mwilini) kwa kukadiria, na akichoma muulize mayai yasiliwe mpaka lini. Kama wameshaingia tumboni na kuku hainui tena kichwa, achinjwe apumzike, na asiingie kwenye sufuria, mfukie shimo la maana.

Mikono osha kwa sabuni. Kuku waliobaki wapitie jioni hiyohiyo, msiseme yule tu ndo alikuwa mchafu, na kama una mbuzi katoka kuhasiwa au mbwa ana kidonda sikioni nao waangalieni, nzi ni walewale.